Ruga-ruga wa Mirambo wako Nottingham!

Ukimtajia mzee wa Tabora jina la Nottingham, kitu cha kwanza kumjia kichwani ni baiskeli. Raleigh! Chuma cha Mwingereza, ile iliyobeba magunia ya mahindi, mabibi harusi na wagonjwa miaka nenda miaka rudi bila kulalamika. Ukimtajia kijana wa Sinza, atakuambia Robin Hood, au atakuambia Nottingham Forest, timu iliyochukua Kombe la Ulaya mara mbili mfululizo, 1979 na 1980, ikaja kushuka daraja 1999 na kusota miaka 23 kabla ya kurudi Ligi Kuu.

Mimi nimerudi kutoka huko na kitu kingine kabisa mfukoni. Nimerudi na askari wanane wa risasi, kila mmoja urefu wake kama pingili ya kidole gumba, na wote wanane ni Wanyamwezi. Usicheke. Kaa nikusimulie.

Nilikwenda Agosti 2024 kumsalimia dada yangu, ambaye ni nesi na amekaa kule miaka kumi na nane. Ukishuka London unapanda treni pale St Pancras, chini ya saa mbili uko Nottingham. Mji wenyewe si mkubwa wa kutisha. Kuna uwanja wa katikati wenye simba wawili wa mawe mbele ya jengo la halmashauri, na wenyeji wakitaka kukutana wanaambiana tu, "simba wa kushoto", basi imetosha. Kuna tramu, kuna ngome juu ya mwamba, na kuna baa iliyoandikwa ukutani kwamba ipo tangu mwaka 1189. Nilivyoiangalia, nadhani hata mafuriko ya Nuhu waliyauzia bia.

Ila ukiuliza kiwanda cha Raleigh utaoneshwa majengo mengine. Baiskeli ya mwisho ilitengenezwa pale mwaka 2002. Lesi za Nottingham, zilizowahi kuvaliwa dunia nzima, zimebaki jina la mtaa. Sigara za Player's nazo kwaheri. Nikamuuliza dada, "Sasa huu mji unakula nini?" Akaniambia nimuulize mwanawe.

Huyo mpwa wangu ana miaka kumi na sita, kazaliwa palepale, Kiswahili chake cha kuokoteza. Alinipokea vizuri, "Shikamoo anko," na begi akabeba. Tatizo lilianza nilipoingia chumbani kwake, maana ndiko nilikopangiwa kulala. Meza nzima, rafu nzima, dirisha zima, askari! Visanamu vidogo mamia, vingine vina mapanga, vingine bunduki, vingine ni majitu ya kijani yenye meno ya nguruwe. Nikanyoosha mkono kuchukua kimoja.

"Anko, usiguse! Rangi haijakauka."

Nililala siku tisa kwenye chumba kile nikiangaliwa na jeshi zima. Siku ya tatu nikasalimu amri, nikamwambia haya, nifundishe huu ugonjwa wenu.

Ni hivi. Ni mchezo wa vita wa mezani. Meza mnaifanya nchi: mnaweka vilima, miti, mto, nyumba. Kila mtu ana jeshi lake, na jeshi hilo amelipaka rangi mwenyewe, kisanamu kimoja kimoja, kwa brashi nyembamba kama unywele. Zamu yako ikifika unawasogeza watu wako, na umbali unaupima kwa futi kama ya fundi cherehani. Ukitaka kupiga risasi unarusha dadu. Kitabu cha kanuni kinaamua nani kafa, nani kakimbia. Kama unajua bao, unaelewa upesi: bao nalo ni vita, kete zinatekwa, nyumba inavunjwa. Tofauti ni kwamba kwenye bao huwezi kusema dadu imekuonea.

Wazungu wana historia ndefu na hili jambo. Mwandishi H. G. Wells aliandika kitabu cha kanuni zake mwaka 1913, mtu mzima na masharubu yake, anatambaa sakafuni na vijizinga vya kuchezea. Mwaka uliofuata vita vya kweli vikaanza, hata kwetu Tanga vikafika. Tuache hayo.

Mpwa alinipeleka Lenton, si mbali na stesheni, kunako makao makuu ya kampuni ya Games Workshop. Nje kasimama askari mkubwa wa sanamu mwenye mabega kama friji mbili. Ndani kuna duka, kuna meza za kuchezea, kuna baa, na kuna maonyesho ya vita vilivyotengenezwa kwa maelfu ya visanamu nyuma ya vioo. Unalipa kiingilio, na watu walikuwa wanalipa! Niliwasikia Wajerumani, Wahispania, Wamarekani, wengine wamekuja kama watu wanavyokwenda hija. Kampuni hii Desemba 2024 iliingia kwenye orodha ya kampuni 100 kubwa kabisa katika soko la hisa la London, pamoja na mabenki na mafuta. Mauzo yake ya mwaka yamepita pauni milioni 500. Kwa visanamu, bwana wee!

Kuzunguka pale Nottingham ziko kampuni nyingine kibao zinazofanya kazi hiyohiyo, nyingi zimeanzishwa na watu waliowahi kufanya kazi kwa Games Workshop. Ndiyo maana wapenzi wa mchezo huu wanaliita eneo lile Ukanda wa Risasi. Hapa Kiswahili chetu kimetangulia mbele: risasi ni yale madini, na risasi ni ile inayotoka kwenye bunduki. Mwingereza kwake ni maneno mawili tofauti, hivyo utani huu hakuupata.

Sasa uliza, kwa nini Nottingham? Kwa nini isiwe London? Kila niliyemuuliza, kijana kwa mzee, alinijibu jina moja: Bryan Ansell. Na walilitaja kwa ile sauti ya chini tunayotajia marehemu wa karibu, kwa sababu alifariki tarehe 30 Desemba 2023, akiwa na miaka 68. Msiba ulikuwa bado mbichi.

Ansell hakuwa mwanasoka wala mwimbaji. Alikuwa kijana aliyependa visanamu kupita kiasi. Katikati ya miaka ya 1970 alianzisha kikampuni chake cha kwanza cha kuvitengeneza, Asgard, hapohapo Nottingham. Wakati huo London kulikuwa na vijana watatu walioanzisha Games Workshop mwaka 1975, wakichonga mbao za michezo. Mojawapo ya mbao zao unajua ilikuwa ya mchezo gani? Mankala, yaani ukoo mmoja na bao letu! Nilipoambiwa hivyo nilijisikia mwenyeji ghafla. Mwishoni mwa muongo huo Ansell akaungana nao kuanzisha Citadel, kiwanda cha kusubu visanamu, katika mji mdogo wa Newark, kama nusu saa kwa treni kutoka Nottingham.

Kusubu kwenyewe nilioneshwa, na hapa naomba msomaji univumilie kidogo maana kazi hii ilinikamata. Mchongaji anaanza na kiunzi cha waya, anakivika udongo maalum ambao ukikauka unakuwa mgumu kama jino. Uso wenye ukubwa wa punje ya harage unapata macho, mikunjo, hata hasira. Kisanamu hicho cha kwanza kinabanwa kati ya vipande viwili vya mpira, vya duara kama chapati mbili, vinapashwa moto na kukandamizwa mpaka mpira ushike umbo. Hapo umepata kalibu. Kalibu inafungwa kwenye mashine inayozunguka kwa kasi, metali iliyoyeyuka inamiminwa katikati, na ule mzunguko ndio unaoisukuma mpaka kwenye vidole na ncha za mikuki. Dakika chache baadaye unafungua chapati zako, unakuta askari wamelala duara kama vifaranga. Zamani metali ilikuwa na risasi nyingi, siku hizi ni bati kwa wingi, na kampuni kubwa zimehamia plastiki. Wazee wa mchezo hawaipendi plastiki. Wanasema haina uzito mkononi, na mimi niko upande wao.

Ansell alikuwa na jicho la kuwaona watu wa kazi hii wangali wabichi. Mapacha wawili, Michael na Alan Perry, walianza kuchonga kwake wakiwa vijana wadogo. Mmoja wao, Michael, mwaka 1996 alipoteza mkono wa kulia kwa ajali ya mzinga huko Ufaransa, katika maigizo ya vita vya kale. Akajifunza kuchonga upya kwa mkono wa kushoto. Kazi zao leo hata mtaalamu hawezi kukuambia ipi ni ya kabla na ipi ni ya baada.

Ni Ansell pia aliyetaka watu wanunue visanamu vingi kwa mkupuo badala ya kimoja kimoja. Ukitaka mtu anunue askari hamsini, mpe vita ya askari hamsini. Basi mwaka 1983, yeye na Rick Priestley na Richard Halliwell wakatoa kitabu cha kanuni walichokiita Warhammer. Hayo ndiyo yaliyozaa yote niliyoyaona Lenton, pamoja na lile jeshi lililokuwa likinichungulia usiku.

Lakini usidhani alikuwa malaika. Mwaka 1985 akawa mkurugenzi mtendaji wa Games Workshop nzima, halafu akaihamishia shughuli Nottingham. Wafanyakazi wengi wa London waligoma kuhama, wakaachia kazi. Gazeti la kampuni, White Dwarf, lilikuwa na waandishi wake kule London, na katika toleo namba 77 la mwaka 1986 walimuaga kwa namna ambayo sisi wa vyumba vya habari lazima tuivulie kofia. Ukurasa wa yaliyomo ulionekana wa kawaida kabisa. Ukishuka na herufi ya kwanza ya kila kichwa cha habari, unasoma tusi zima na jina la bosi limeandikwa kamili! Likachapwa, likauzwa nchi nzima. Hapa kwetu mhariri angeipata barua yake kabla wino haujakauka.

Kwa hiyo nilitaka kujua: mtu aliyetukanwa na gazeti lake mwenyewe, imekuwaje azikwe kwa machozi ya watu wa mabara yote?

Jibu liko kijijini East Stoke, mpwa akaniambia, twende. Tukapanda treni mpaka Newark. Hapo kuna ngome iliyobomoka kando ya mto Trent, ndimo alimofia Mfalme John mwaka 1216, yule mbaya wa hadithi za Robin Hood. Kutoka hapo ni kilomita kama sita na ushee kufuata njia ya zamani ya Warumi. Tulichukua teksi kwenda, kurudi tukachapa lapa kipande na kudandia basi. Barabara kuu siku hizi inapita pembeni, kijiji kimebaki kimya, ndege tu na ng'ombe.

Ukimya ule unadanganya. Tarehe 16 Juni 1487 hapo East Stoke palimwagika damu ya maelfu. Wapinzani wa Mfalme Henry VII walimshika mtoto mmoja wa miaka kama kumi, Lambert Simnel, wakadai ndiye mrithi wa kiti, wakamvika taji Dublin, wakakodi askari wa Kijerumani wakavuka naye bahari. Wakapigwa. Wakuu wao karibu wote waliuawa. Mtoto akasamehewa, akapelekwa jikoni kwa mfalme kugeuza nyama kwenye moto. Nilisimama kwenye mteremko wa kuelekea mtoni, mashamba yamevunwa, nikamfikiria huyo dogo: asubuhi mfalme, jioni mpishi. Mjini kwetu wapo wengi wa namna hiyo, ila wao hawasamehewi.

Karibu na kanisa la Mtakatifu Oswald ndipo ilipo Stoke Hall, nyumba kubwa ya kikabaila, na hiyo ndiyo ilikuwa nyumba ya Bryan Ansell. Mtu aliyependa vita vya mezani akaenda kuishi kando ya uwanja wa vita vya kweli. Games Workshop alikuwa ameshaiuza mwaka 1991. Akabaki na kampuni nyingine, Wargames Foundry, ambayo ilianza miaka ya 1980 kama shughuli ya kumstaafishia baba yake. Hebu fikiria, wengine tunawanunulia wazee mbuzi, yeye akampa mzee kiwanda cha askari.

Katika nyumba hiyo kulikuwa na makabati ya visanamu vyake mwenyewe vilivyopakwa rangi, maelfu kwa maelfu. Angeweza kufunga geti. Badala yake akafungua. Miaka ya 2010 watu waliokua wakicheza Warhammer ya mwanzo, wenye vipara na wajukuu sasa, walianza kukutana pale kila kiangazi, wanakuja na visanamu vyao vya zamani, wanacheza kwa kanuni za zamani, na mwenye nyumba yumo humohumo anawaonyesha makabati na kupiga nao stori. Mpwa wangu alipelekwa mara moja akiwa na miaka kumi na mbili. Nikamuuliza alikuwaje. Akafikiri.

"Aliniuliza mimi nachora jeshi gani. Nikamwambia. Akasikiliza mpaka mwisho, anko."

Siku hiyo geti tuliliangalia kwa nje tu. Dogo alisimama kama dakika tano mikono mfukoni, kisha akasema twende, basi litatuacha.

Jioni iliyofuata alinipeleka kwenye klabu yao, ukumbi mmoja wa kukodi wenye viti vya plastiki na birika la chai la umma. Wanaume wengi, wasichana wachache, umri kuanzia wanafunzi hadi wastaafu. Walipojua natoka Tanzania, mzee mmoja, fundi bomba mstaafu, uso wake ukawaka kama taa ya mnara.

"Tanzania sehemu gani?"

Nikamwambia Tabora.

"Unyanyembe!" akasema. Msomaji, nilitaka kuanguka. Mzungu wa Nottingham, hajawahi kufika hata Nairobi, anaitaja Unyanyembe na anaitamka vizuri kuliko mpwa wangu. Akaniomba nirudi Alhamisi.

Alhamisi nikakuta meza imegeuzwa Unyamwezi. Miti mikavu, vichaka, njia nyembamba ya vumbi, na kijiji chenye boma la miti. Na kando ya njia, ndani ya vichaka, wamejificha watu weusi wa milimita 28, vitambaa vyekundu, manyoya kichwani, magobore mkononi. Ruga-ruga! Askari wa Mtemi Mirambo wa Urambo, wale tuliosimuliwa na bibi zetu mpaka tukaogopa kwenda chooni usiku. Kwetu inasemekana babu wa babu yangu alikuwa mmoja wao. Sikuwahi kuona hata picha yake. Nikamchukua mmoja kiganjani. Alikuwa na hasira yake usoni, amechuchumaa, anasubiri.

Walikuwa ni wa Wargames Foundry, kampuni ya Ansell, wamechongwa na Mark Copplestone. Wapo ruga-ruga, wapo Wamasai, wapo Waazande, wapo askari wa misafara. Mwandishi Chris Peers aliandika kitabu cha kanuni za kupigania vita hizo. Mzee wa bomba alikuwa amesoma mpaka basi. Vita aliyoipanga ilikuwa ya mwaka 1871: Waarabu wa Tabora wameiteka Wilyankuru, wanarudi na mateka na mali, Mirambo anawavizia njiani. Stanley mwenyewe alikuwa kwenye kampeni hiyo upande wa Waarabu, akitafuta njia ya kwenda kwa Livingstone, na siku hiyo alikuwa hoi kwa homa. Kiongozi wa Waarabu, Soud bin Sayyid, aliuawa. Wiki hizohizo za Agosti Mirambo akaingia Tabora na kuchoma sehemu ya mji. Baadaye, 1876, Stanley huyohuyo alikutana na Mirambo, wakachanjiana udugu, na akamfananisha na Bonaparte.

Nikapewa upande wa Mirambo. Mpwa akachukua msafara. Nikavizia vizuri, kama mababu. Nikarusha dadu... mbovu. Nikarusha tena... mbovu zaidi! Kwa saa mbili ruga-ruga wangu walikosa shabaha hatua tano mbele yao, na Soud bin Sayyid akarudi zake Tabora akipiga miluzi. Historia nzima ya Unyamwezi imepinduliwa na mtoto wa miaka kumi na sita. Ukumbi ulicheka mpaka birika likasahaulika motoni.

Ila kuna kitu kilinikwama kooni, na wakati wa chai nikakitoa. Boksi la visanamu vile limeandikwa jina la mkusanyo wote, na jina lenyewe maana yake ni Afrika yenye giza totoro. Limetoka kwenye kitabu cha Stanley cha 1890. Humohumo ruga-ruga wa babu yangu wamepangwa jirani na vikaragosi vya wala watu. Nikamwambia mzee, giza gani? Nyumbani kwetu kuna miembe, kuna njia za misafara, kuna boma la Mtemi Isike ambaye mwaka 1893 aliona heri ailipue baruti yake mwenyewe kuliko kushikwa na Mjerumani. Giza liko kwenye boksi lenu.

Hakukasirika, wala hakujikanyaga kuomba radhi. Alisema jina hilo hata yeye halipendi siku hizi, na meza yake anaiita Unyanyembe tu. Halafu akaniuliza, "Kwenu, mtoto akitaka kumchezea Mirambo, anampata wapi?"

Nikanywa chai. Pale Kwihara, nje kidogo ya Tabora, lipo tembe la Livingstone, makumbusho nzuri tu, mgeni anaoneshwa chumba alichokaa Mzungu. Picha za Mirambo zipo kwenye vitabu. Barabara zenye jina lake zipo. Kitu cha mtoto kukishika mkononi, sijakiona. Sisi utotoni tulifinyanga askari wetu kwa udongo wa kichuguu, na wote walikuwa Wamarekani wa sinema.

Hili bado linanitekenya vibaya. Bryan Ansell sidhani kama alikuwa na Tabora moyoni. Alikuwa anauza visanamu, na wateja wake walitaka vita za Stanley. Lakini ili auze ilibidi mtu akae chini na kuuliza ruga-ruga alivaa nini, alishika gobore vipi, alichuchumaa vipi kichakani. Heshima hiyo ya kuangaliwa kwa karibu, babu wa babu yangu ameipata kwenye kiwanda cha Waingereza, chini ya jina baya. Namshukuru marehemu, na boksi lake nalichukia. Yote mawili nimerudi nayo.

Wakati wa kuaga, mzee wa bomba alifungua droo akanipa ruga-ruga wanane ambao hawajapakwa rangi, wanang'aa fedha tupu. Hela hakutaka. Alisema marehemu naye alikuwa hivyo, ukimfurahisha hujui utatoka na nini. Pale uwanja wa ndege mkaguzi aliwaona kwenye mashine, akawatoa mmoja mmoja, akawapanga mstari, akauliza ni nini hivi. Nikamwambia ndugu zangu. Akanitazama, akawarudisha.

Oktoba nilipanda treni ya reli ya kati kwenda Tabora, nikawaweka mezani mbele ya mzee wangu. Akavaa miwani. Akamnyanyua mmoja, akampeleka dirishani, akamgeuza mgongo, akamgeuza uso. Alikaa kimya muda mrefu, na mzee wangu si mtu wa kukaa kimya.

"Huyu gobore lake hajalishindilia," akasema mwisho. "Atakufa huyu."

Mpwa wangu ameahidi kuja na rangi na zile brashi zake za unywele, ila kasharti kaleta: lazima ajue kwanza vitambaa vyao vilikuwa rangi gani, maana hataki kubahatisha. Nikampelekea mzee swali. Mzee anasema vyekundu, aliambiwa na babu yake. Bibi wa nyumba ya pili anasema ni kaniki, nyekundu walivaa wakubwa tu. Fundi cherehani wa sokoni, ambaye hakuna aliyemuuliza, anasema ni merikani nyeupe tupu, rangi iliingia na Wajerumani. Siku hizi watu wanakuja kwa mzee jioni kwa ajili ya hilo tu, na ruga-ruga wanane wako juu ya redio, bado weupe kama bati, wanasubiri.